Jumapili Niliyosema Nimepona

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu hatupendi kukosea mbele za watu. Ukilijua hilo umeshaijua nusu ya habari yangu. Nusu nyingine ni kifua kikuu, ambacho nilikaa nacho zaidi ya mwaka hapa Babati, na ambacho ningekimaliza kwa miezi sita kama nisingefungua mdomo wangu kanisani. Ninakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki na kikopo cha makohozi mkononi, ukijifanya umekuja kumsindikiza mtu. Mimi nilijifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyedanganyika.

Kikohozi kilianza wakati wa vuli, nikasingizia chaki. Kufika masika nilikuwa nakohoa mpaka nashika meza, na sketi niliyoshonewa kwa ajili ya Pasaka ilikuwa inanizunguka kiunoni kama ya kuazima. Shuka zangu zilianikwa kila asubuhi kwa sababu ya jasho. Majirani zetu wa Bagara hawapitwi na jambo, na mmoja akamwuliza mume wangu, kwa upole kabisa, kama mwalimu ameanza kukojoa kitandani. Halafu siku moja nikiwa nafundisha kuzidisha, nilikohoa kwenye leso nikaona damu. Nikaikunja leso, nikamalizia somo. Sijivunii hilo, nalisema ili ujue ni mtu wa aina gani anayesimulia.

Benchi la wagonjwa wa TB limewekwa nje, pembeni, chini ya bati lake peke yake, na mji mzima unajua ni benchi la nini. Nilivaa barakoa, nikajifunga mtandio mpaka machoni. Sikumaliza hata dakika kumi, mwanafunzi wangu wa darasa la nne akapita njiani na mama yake, akapaza sauti: "Shikamoo Mwalimu!" Wagonjwa wote wakanigeukia. Nikajibu marahaba, na moyoni nikatamani ardhi ipasuke.

Nesi alinieleza dawa: vidonge vinne kila asubuhi kabla ya kula, miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Akasema nitafute msimamizi, mtu wa nyumbani atakayeniona nikimeza.

"Si kwamba hatukuamini, Mwalimu," akasema, kisha akacheka. "Basi, niseme ukweli. Hatumwamini mtu."

Mume wangu, Baba Furaha, ni seremala na huondoka mapema kwenda kwenye karakana yake. Kwa hiyo usimamizi ukaangukia kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshuka kutoka milima ya Mbulu kuja kukaa nasi. Mama mkwe wangu ni Mkatoliki wa tangu utoto, mimi ni Mlutheri wa kwaya, na kwa miaka mingi tumetaniana kuhusu nani ataingia mbinguni kwa mlango wa mbele. Sasa kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele yangu, rozari shingoni, akanihesabia vidonge kwenye kiganja.

"Meza. Fungua. Inua ulimi."

Alinikagua kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Mwalimu mzima, nainua ulimi.

Dawa zile hazina urafiki. Mkojo wangu ukawa na rangi ya soda ya machungwa, magoti yakauma kama ya bibi kizee, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilitosha kunipeleka nyuma ya nyumba kutapika. Lakini yote hayo niliyavumilia kuliko yale ya ndani ya nyumba. Baba Furaha alihamia kwenye kochi la sebuleni, na hata nesi alipomwambia baada ya wiki kadhaa kwamba sasa anaweza kurudi chumbani, hakurudi. Kikombe changu alikipaka alama ya rangi ya mlango ili kisichanganyike na vingine. Alimwandikia binti yetu Furaha, aliyekuwa bweni, kwamba likizo aende kwa shangazi yake. Alikuwa na hofu, najua. Lakini niliumia sana, na nilimchukia kwa muda fulani, na tulikuwa tunapitishiana chumvi mezani bila kuangaliana. Siku moja nikamkuta mama mkwe anakunywa chai kwenye kikombe kile chenye alama. Alijua ni changu. Akaniangalia, akaendelea kunywa. Nilikwenda chumbani kulia, na safari hiyo nililia vizuri.

Mwezi wa saba ukafika. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mbaazi peke yake zimebaki zimesimama shambani, na mimi nilikuwa nimerudiwa na mwili. Kikohozi kimeisha. Kipimo cha makohozi kilikuwa kimesoma safi. Sketi ya Pasaka ikanikaa. Nesi alinikumbusha kwamba safi haimaanishi nimemaliza, na kwamba bado miezi mitatu. Nikaitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia.

Kwetu Jumapili ya mavuno ni sikukuu kubwa. Watu wanakuja na debe la mahindi, kuku, maboga, mtungi wa maziwa, wanaweka mbele ya madhabahu, na aliye na neno la shukrani anasimama kulisema. Mimi nilikuja na kondoo. Nilikuwa nimemlilia Mungu machozi mengi tangu masika na niliona ni haki yake nimshukuru hadharani. Mchungaji akanipa nafasi. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa mgonjwa na sasa naendelea vizuri, na hilo lingetosha. Lakini kanisa lilikuwa limejaa, kwaya yangu imesimama nyuma yangu, na maneno yakanipanda.

"Bwana ameniponya," nikasema. "Nimepona kabisa."

Vigelegele vilipasua paa. Wanawake walikuja kunikumbatia, hata wale waliokuwa wanahama benchi nilipokaa. Mama Joshua, mama kijana wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, muuza vitunguu pale sokoni, alikuwa analia huku amefumba macho na mikono yake iko juu. Nilimwona na nikafurahi kwamba nimemgusa mtu.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akakaa kwenye kigoda na vidonge vinne kwenye kiganja.

Nilimwambia, "Mama, mimi nimeshapona. Ulisikia kanisa zima lilivyoshangilia. Nikivimeza hivi leo, si nitakuwa namwambia Mungu simwamini?"

Hakuwa amekuja kanisani kwetu, lakini habari alikuwa nazo.

"Mama Furaha," akasema, "mtu akikupa ng'ombe, utamwambia asante, halafu ng'ombe umwache zizini bila majani ili aliyekupa aone unavyomwamini? Uhai Mungu amekupa. Ulishe."

Nikaona ni maneno ya mtu asiyeelewa mambo ya imani. Ndivyo nilivyofikiri, na ninaandika hivyo hivyo ili unione. Nikajifunza kuvisukuma vidonge kati ya ufizi na shavu, nyuma kabisa. Yeye alikagua ulimi, mashavu hakuyakagua. Kisha nilikwenda chooni nikavitema. Nilifanya hivyo mwezi wa nane wote na wa tisa wote. Kliniki niliendelea kwenda kuchukua dawa, nikimwambia nesi namshukuru Mungu, nameza. Mimi ninayewachapa watoto kwa kuibia mtihani.

Kikohozi kilirudi tukiwa tunavuna mbaazi, siku za vumbi kabla ya mvua. Kikohozi kimoja tu, kikavu, na nilikifahamu kama unavyofahamu hatua za mtu wa nyumbani kwako. Nilikificha wiki tatu. Nilikuwa nakohoa ndani ya mto, nakohoa shambani, nakohoa lori likipita barabarani. Niliomba kuliko nilivyowahi kuomba, ila sikuwa namwomba Mungu aniponye. Nilikuwa namwomba asiniaibishe. Tofauti ya hayo mawili sikuiona wakati huo.

Mwishowe nikamwambia mama mkwe. Tulikuwa jikoni anapepeta mbaazi. Nikamweleza kuhusu shavu, kuhusu choo, kuhusu miezi miwili. Hakunigombeza. Aliweka ungo chini, akatoka, akakaa nje kwenye jua mpaka jioni. Kesho yake alinishika mkono tukaenda kliniki wote, yeye na mume wangu wakapimwa pia. Nilingoja majibu yao kuliko yangu. Walikuwa wazima. Baba Furaha aliposikia nilichofanya alisema, "Na mama yangu alikuwa anakaa mbele yako kila asubuhi."

Majibu yangu yalikuwa mabaya lakini si mabaya kuliko yote. Dawa zile zile bado zingenifaa. Ila naanza moja, miezi sita upya.

Siku niliyokwenda kuanza, nilikuwa kwenye benchi na barakoa yangu, na mwanaume mmoja akaingia na mfuko wa nailoni, akasimama mlangoni kwa nesi. Nilimtambua. Alikuwa Baba Joshua, dereva wa bodaboda. Hakunitambua.

"Nimeleta dawa za mke wangu," akasema. "Zimebaki zote hizi. Tangu mavuno hajameza."

"Kwa nini?" nesi akauliza.

"Anasema kuna Mwalimu mmoja kanisani kwao aliombewa akapona, akaziacha. Anasema na yeye amepokea uponyaji. Sista, anakonda. Njoo umwambie wewe, mimi nikisema ananiita mpagani."

Sikujua kwamba Mama Joshua alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameficha kama mimi, na akawa ameanza dawa wiki chache tu kabla ya ile Jumapili. Nesi aliniangalia juu ya bega la yule kijana. Siri za wagonjwa anazitunza, lakini macho yake yalitosha. Ugonjwa wangu wote sikuwahi kuogopa kama dakika ile.

Jioni hiyo nilikwenda Nangara, nyumbani kwao. Nilimkuta Mama Joshua amekaa uani kwenye mkeka, amejifunika blanketi na jua bado liko juu, anachambua vitunguu. Mifupa ya shingo yake ilikuwa imetokeza. Nilikaa mbali kidogo, barakoa usoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia jambo. Sikupona. Nilisema nimepona na sikuwa nimepona. Niliacha dawa, na sasa ugonjwa umerudi, na leo nimeanza upya. Nakuomba nawe uanze."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia.

"Wewe ulirudi nyuma, Mwalimu," akasema mwishowe, bila hasira. "Nakuombea. Lakini mimi sirudi."

Nilimsihi mpaka giza likaanza kuingia. Nilimwambia kuhusu ng'ombe na majani, maneno ya mama mkwe, kwa kuwa sikuwa na mengine. Akatabasamu tu. Alikuwa na uso ule ule wa siku ya mavuno, na ni mimi niliyempa.

Nilimwendea Mchungaji, nikamwomba nafasi ya kusimama tena. Yeye ni mtu mpole, na alinishauri nitubu kimya kimya, tusali naye ofisini, yaishe.

"Ukisimama, watu watayumba," akasema. "Wengine wataanza kusema Mungu haponyi."

"Mchungaji, kuna mmoja ameshaanguka. Na si Mungu aliyemwangusha."

Akavua miwani akaifuta. Jumapili ya kwanza ya Majilio, Krismasi ikikaribia, aliniita baada ya matangazo.

Nilisimama mahali pale pale. Nilisema niliwaambia nimepona kabisa, na haikuwa kweli. Nilisema nilitema dawa chooni miezi miwili. Nilisema kama kuna mtu aliyeacha dawa za aina yoyote kwa sababu ya maneno yangu, nampigia magoti arudi kliniki kesho. Na nikasema lile nililokuwa nimelifikiria kwenye benchi: kwamba uhai nilipewa, sikuununua kwa kondoo, na imani pia nilipewa, lakini mimi niliishika kama cheti cha kuwaonyesha watu. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi wala kuitikia amina. Mchungaji alisali kwa kifupi, akiomba tujifunze kuutunza uhai tuliopewa. Tulipotoka nje, wazee wawili walipita pembeni bila kunisalimia, na mama mmoja akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika, kwamba shetani amemrudisha Mwalimu. Kwenye kwaya niliambiwa nipumzike kwanza. Nilipumzika mpaka Pasaka.

Mama Joshua hakuwepo siku hiyo, lakini kabla ya saa saba mchana alikuwa ameshaambiwa neno kwa neno. Jumanne Baba Joshua akanipigia. Mke wake alikuwa anatapika damu, na alikuwa amekubali kupelekwa hospitali. Kukubali kulazwa, si kukubali dawa.

Nikuambie mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi: yuko hai. Alikaa wodini wiki nyingi, na akatumia dawa mpaka zikaisha. Pafu moja halimsaidii sana, akitembea kutoka nyumbani mpaka sokoni anapumzika njiani mara mbili, na sauti ya kwanza hawezi tena kuimba. Mimi nilimaliza zangu masika iliyofuata. Baba Furaha alirudi chumbani siku moja bila kutangaza, akiwa na mto wake kwapani, na hatujawahi kulizungumzia. Lakini ninachotaka kukuachia ni siku ya tatu ya Mama Joshua wodini, wakati hakuna aliyejua kama atatoka.

Manesi walikuwa wamejaribu siku mbili. Alifumba mdomo. Aliwekewa hewa puani, na midomo yake ilikuwa imekauka mpaka inapasuka. Waliniruhusu kuingia saa ya kuona wagonjwa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi niiname ili nimsikie.

"Mwalimu," akasema, "siku ile ya mavuno. Ulipokuwa unasema. Ulikuwa unaamini?"

"Niliamini."

"Basi hukunidanganya."

Nilikuwa nimejiandaa anilaumu, anifukuze, anitukane. Hilo sikujiandaa nalo. Alikuwa ananisamehe bila kuombwa, na ningeweza kulipokea nikanyamaza. Nilitamani sana kunyamaza.

"Jumapili niliamini," nikamwambia. "Jumatatu asubuhi nilipoviona vidonge, sikuwa naamini tena. Nilikuwa naona haya. Niliogopa watu wajue kwamba bado nameza. Ile imani uliyoiona ukaifuata, ilikuwa imeshakwisha siku ya pili."

Alifumba macho. Nikadhani amelala, au amechukia. Kisha machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

"Mimi nilitaka nisimame pale kama wewe," akasema. "Nilishachagua mpaka kitenge." Akaanza kucheka, kicheko kikawa kikohozi, na tukangoja kipite. "Sasa nikimeza, Mungu atanionaje?"

"Sijui. Maswali hayo nimeacha kuyajibu. Ninachojua ni kwamba leo umeamka, na hukujiamsha mwenyewe."

Alisikiliza mvua. Halafu akageuza kichwa kwenye meza ndogo, vidonge vilipokuwa vimewekwa tangu asubuhi kwenye kifuniko cha chupa.

"Nipe maji," akasema.

Akavimeza kimoja kimoja, akilia, na mimi nimemshika shingo kwa nyuma asipaliwe.